Spika za pande zote nilizotengenezewa Magomeni, Mtwara: maoni yangu

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: hizi spika ni nzuri, nzuri sana, na fundi alozitengeneza ningempa kazi nyingine hata kesho. Ila sio spika za kila mtu na sio za kila muziki, afu kuna vitu kwenye utengenezaji ukiviruka utabaki na maboksi mazuri ya mninga ambayo sauti yake haieleweki, hivo nitaandika kwa kirefu kidogo, hasa kwenye mbao na ile koni ya juu manake hapo ndo pesa yako inaponea au inapotelea.

Kwanza tuelewane ni spika gani. Spika tulizozoea zinatazama mbele, hata hizi sabufa zilizojaa madukani na vispika vyake. Besi yenyewe haina shida, inazunguka nyumba nzima, manake wimbi la Hz 100 (yani mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa kama mita 3.4 na boksi la spika kwake ni kitu kidogo tu, linalizunguka na kuendelea. Shida ipo kwenye sauti za juu, Hz 10,000 wimbi lake ni sentimita 3.4 tu, hizo zinatoka mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi, alokaa mbele anapata kila kitu na alokaa pembeni anabaki na mvumo, maneno ya mwimbaji hayapati. Spika ya pande zote inataka iwe karabai sio tochi, yani ukiiweka katikati ya watu kila mmoja apate sawa na mwenzie.

Wazo sio jipya. Wajerumani wa MBL wana spika zao wanaziita Radialstrahler, vipande vyembamba vimepangwa mduara vinatanuka na kunywea, bei yake hata usiulize. Wajerumani wengine, Duevel, wao wanalaza spika itazame juu afu juu yake wanaweka tufe linaitawanya sauti. Na marehemu Siegfried Linkwitz kwenye spika yake ya Pluto alitumia mabomba ya plastiki kama mwili, spika kubwa ikatazama juu, kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kujitengenezea nyumbani. Watu huwa wananitajia Bose 901 ya mwaka 1968, ile ina spika 9 na 8 kati yake zinapiga ukutani nyuma, ni ndugu wa hizi lakini sio zenyewe, ile inategemea ukuta na hizi zinatakiwa ziwe mbali na ukuta.

Mi kilichonivuta ni sebule zetu zilivo. Hakuna mtu hapa Mtwara anakaa peke yake kwenye kiti kimoja katikati ya spika mbili akisikiliza muziki, labda kwenye picha za matangazo. Kwetu kochi zimezunguka kuta tatu, wengine wako mkekani, mama yuko mlango wa jikoni, vijana wako barazani na dirisha liko wazi kwa joto. Spika ya kutazama mbele inamhudumia mtu mmoja wawili, wengine wote wanasikiliza makombo. Ndo nikaamua.

Muundo wenyewe ni rahisi, nausema hapa ili ukienda kwa fundi wako uwe na pa kuanzia. Ni nguzo ya mraba, kwa ndani sentimita 16 kwa 16 na kimo sentimita 80, hiyo inakupa lita 20 hivi. Juu kabisa inalala spika moja ya inchi 5 ikitazama dari, ile aina inayopiga sauti zote peke yake bila tuita, yani kile kispika kidogo cha sauti za juu. Juu yake inaning'inia koni ya mbao ncha ikitazama chini, imeshikwa na vijiti vitatu. Chini nyuma kuna tundu la hewa lenye bomba la kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 10, kwa lita 20 hilo linaipa boksi mlio wake wa chini karibu Hz 46, inatosha kabisa kwa gitaa la besi. Afu kitako kipana cha sentimita 30 kila upande, hicho usikipunguze, nguzo nyembamba hivi mtoto akiegemea inaenda.

Sasa mbao. Hapa ndo nilipomkubali fundi. Mi nilitaka boksi zima liwe mninga mtupu kwa ajili ya uzuri, yeye akakataa, akasema njomba huku kwetu pwani mbao pana inahema, Desemba mpaka Aprili inakunywa unyevu wa mvua afu kusi ikivuma inaurudisha, ukiifunga kona nne kwa gundi lazima sehemu moja iachie. Na ni kweli mninga ni moja ya mbao tulivu kuliko zote tulizonazo, haupindi ovyo, lakini boksi la spika sio kabati, kabati likiachia uwazi wa unene wa wembe hakuna anayejua, boksi la spika likiachia uwazi huo hewa inapuliza na unasikia mluzi kila besi inapopiga. Tukakubaliana mwili uwe plaiwudi ya milimita 18, ile nzito yenye matabaka mengi, na mninga uwe kwenye kona, kitako na kifuniko cha juu ambavyo ni vipande vidogo. Na zile bodi za unga wa mbao zilizoshindiliwa hakutaka hata kuzisikia, kwa unyevu wa hapa zinavimba kwenye kitako kama mtu akideki na maji yakafika.

Kazi ya kuunga aliifanya vizuri mno. Ndani aliweka mbavu mbili za mbao kukamata kuta zisitetemeke, na kabla hajaziweka alinipa nigonge ukuta wa boksi kwa kifundo cha kidole, ukalia duuum mrefu, baada ya mbavu kukauka nikagonga tena, tk, fupi kavu. Hicho kipimo hakihitaji mashine yoyote na nakushauri umwombe fundi wako akuoneshe kabla hajafunga ubavu wa mwisho. Kila kiungo kwa ndani kikapakwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno, juu yake silikoni. Kati ya spika na kifuniko hakuna cha kununua, alikata duara kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, linabana hewa vizuri kabisa.

Koni. Hii haikufanyiwa hapo Magomeni, fundi wangu, ambaye ni mzee, alitupeleka kwa mwenzie anayekereza matendegu ya vitanda, ana mashine ya kukereza ya umeme, na ni yeye aloshauri tutumie mpingo. Mwanzo niliona ni anasa, lakini mpingo ni mzito kiasi kwamba ukitumbukizwa majini unazama, hautetemeki, na unakerezeka ukatoka laini kama umepakwa kitu kumbe ni mbao tupu. Ni mti huohuo Wazungu wanaotengenezea klarineti na obo, na sisi huku umetuzunguka, mabaki ya wachongaji tu yanatosha koni za spika. Angalizo moja, mpingo ukikaushwa harakaharaka unapasuka kuanzia kwenye ncha zake, hivo chukua kipande kilichokaa miaka kwa mchongaji, sio gogo la juzi. Vumbi lake pia linawasha ngozi na kifua, aliyekereza alivaa barakoa muda wote na sisi watazamaji akatutoa nje. Na nunua kwa mtu mwenye karatasi zake, Kilwa kuna vijiji vinavuna mpingo kwenye misitu yao wenyewe kwa utaratibu, vilianza kupata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, mali halali ipo.

Yule fundi mkerezaji aliniuliza swali moja tu, "Njomba, hizi mbili zifanane kabisa au ni urembo?" Nikamwambia lazima zifanane mzee, zikitofautiana sauti ya kushoto na kulia haitolingana. "Basi lete bati." Akakata kipande cha bati kwa mkasi kwa umbo la ubavu wa koni, akawa anasimamisha mashine, anakisogeza kipande pale kwenye mbao, anaangalia mwanga unaopita katikati, anaondoa kidogo tena, anarudia, mpaka mwanga ukapotea. Ya pili akaifata kwa bati lilelile. Upana wake juu ni sentimita 13 na ubavu una pembe ya digrii 45, kwa sababu sauti inayopanda wima ikigonga digrii 45 inageuka kwenda ubavuni, na kwa sababu ni duara inaenda kila ubavu. Koni ya upana huo inafanya kazi kwa sauti za kuanzia kama Hz 2,600 kwenda juu, za chini ya hapo zinaizunguka tu wala haziihitaji, kwa hiyo usidanganyike kwamba koni kubwa kama sahani ndo bora, inazidi tu kuziba.

Kimo cha koni tulikiacha wazi kwanza. Vijiti vitatu vya mpingo vya milimita 8 viliingia kwenye matundu marefu bila gundi, tukapiga muziki, tukawa tunapandisha na kushusha. Ikishuka sana karibu na spika sauti za kuimba zinakuwa za puani, ikipanda sana zile za juu kabisa zinakimbilia darini na zinapungua. Ncha ikiwa sentimita 1.5 hivi juu ya kile kikofia cha katikati ya spika ndo palipokaa sawa kwangu, hapo ndo gundi ikaingia. Kama ungeniambia nichague hatua moja tu isirukwe kwenye kazi nzima ningesema hii.

Ndani ya nguzo ndefu kuna tatizo la sauti kugonga juu na chini na kurudi, kwa sentimita 80 inaanza kusumbua kwenye Hz 214 hivi, ni hapohapo sauti ya kiume ilipo, unasikia kama mtu anaimba akiwa ndani ya mtungi. Vitabuni wanasema weka pamba ya kioo, mi nikaweka sufi. Sufi ileile ya mito na magodoro, sokoni ipo, bei chee, haiwashi mikono. Iweke katikati ya nguzo ndo hewa inakimbia zaidi na ndo inamezwa, iwe imechambuliwa vizuri isiwe mabonge, na uishikilie kwa kipande cha chandarua isishuke ikaziba bomba la chini. Kabla na baada ni vitu viwili tofauti kabisa, mtangazaji wa taarifa ya habari akatoka mtungini akawa mtu.

Zile spika za inchi 5 zenyewe niliagiza Dar, na hapa nina malalamiko. Duka moja la Kariakoo, sitolitaja, lilinitumia mbili na moja koili yake ilikuwa inasugua, nilipowarudishia ujumbe wakasema zimeshatoka dukani haziwahusu tena. Ukinunua mwenyewe fanya hivi papohapo kaunta: bonyeza koni ya karatasi taratibu kwa vidole gumba viwili pande zote sawa, ikishuka ikipanda isitoe mkwaruzo wowote. Afu weka mita ya umeme, spika ya omu 8 inasoma kama omu 6, ikisoma vingine vya ajabu iache. Na ule mstika wa wati 500 usiuangalie kabisa, kispika cha inchi 5 chenye sumaku ndogo kama kifuniko cha soda hakibebi wati 500 hata siku ya Idi. Angalia uzito wa sumaku, angalia kama wameandika Fs (mlio wa asili wa spika), Qts (inavojizuia isiendelee kutetemeka) na Vas (ulaini wake ukipimwa kwa lita za hewa), duka linaloandika hivo vitu vitatu angalau linajua linauza nini, na kwa boksi lenye tundu la hewa kama hili unataka Qts iwe kwenye 0.4 hivi.

Kabla ya kufunga chukua betri ya 1.5V ugusishe kwenye waya, koni ya karatasi ikiruka juu basi waya uliogusa chanya ndo chanya, weka alama. Fanya kwa zote mbili. Zikiwa kinyume besi inapotea nyumba nzima na utalaumu mbao bure.

Tuita hatukuweka na siijutii. Spika moja hakuna kroso ova, kile kifaa cha kugawa sauti za juu na za chini, sauti yote inatoka sehemu moja. Ila kuna watu masikio yao yanataka trebo zaidi, hao wanaweza kuongeza tuita ndogo ya omu 8 juu ya koni ikiwa na kapasita ya maikrofaradi 3.3, hiyo inaanza kuingia karibu Hz 6,000. Mi nimepandisha kidogo tu trebo kwenye amplifaya na inatosha.

Haya, zinasikikaje. Taarab ndo zilipozaliwa. Fidla na ganuni zinasimama chumbani kama vitu vyenye umbo, sauti haionekani inatoka kwenye nguzo, inakuwa imejaa hewani, na ukiinuka kwenda jikoni kuchukua maji sauti haibadiliki rangi, ilikuwa hivo kwenye kochi na ni hivo mlangoni. Dansi la zamani hivohivo, magitaa matatu yanayojibizana unayafata kila moja na njia yake. Nilimkalisha shangazi yangu mkekani, pembeni kabisa karibu na pazia, sehemu ambayo zamani alikuwa analalamika haelewi maneno, akasikiliza mpaka kanda ikaisha akaniambia mwanangu leo nimesikia alichokuwa anasema huyu bibi. Kwangu hiyo ndo tathmini.

Kusoma Kurani na mawaidha nako ni safi sana, kimo cha sentimita 90 na kitu, pamoja na kitako na koni, kinakaribia masikio ya alokaa kochini, na kwa sauti ndogo kila neno linafika. Usiku nyumba imetulia huhitaji hata robo ya amplifaya.

Zinaposhindwa. Singeli kwa sauti ya vigodoro hapana, kispika cha inchi 5 kina mwisho wake na ukilazimisha unasikia kinagonga, ukitaka hivo nunua sabufa kubwa ubaki na amani. Pia kama wewe ni mtu wa kutaka kunyoosha kidole useme mpiga tumba yuko hapa na mwimbaji yuko pale kwa sentimita, spika za kutazama mbele zinafanya hiyo kazi vizuri zaidi, hizi zinakupa ukumbi, hazikupi ramani. Na chumba chenye sakafu ya vigae, kuta tupu na hakuna pazia kitakuchosha manake sauti inaenda kila mahali na inarudi kutoka kila mahali, weka zulia au mikeka, pazia nzito ukuta mmoja, rafu ya vitabu ikiwepo vizuri zaidi. Nguzo ziwe angalau sentimita 60 kutoka ukutani, mita 1 ni bora, nilipozisogeza kutoka kwenye kona besi ilipungua uvimbe na ikawa safi.

Kingine ni kwamba spika inayotazama juu inapokea kila kinachodondoka. Vumbi, mijusi ya darini na mambo yake, vidole vya watoto. Mzee alitengeneza fremu nyembamba ya duara tukaivisha kitambaa cha chandarua cheusi kuzunguka vile vijiti, sauti inapita kama hakipo, na kinafuliwa. Bila hicho usizitumie hata wiki.

Gharama, kazi yote ya mbao pamoja na kukereza koni na kupaka ilikuwa laki 3 na nusu, spika, waya, gundi, sufi na vingine vikafanya jumla isifike laki 6 kwa zote mbili. Kuna watu wataona ni nyingi kwa kitu kisicho na rimoti wala taa za kuwakawaka. Mi naona kuta hizo za plaiwudi na mpingo ule zitakuwepo mpaka wajukuu, kikichoka ni kispika tu, skrubu nne unabadilisha. Finishi ni sanding sila afu vanishi isiyong'aa, imepakwa kwa kitambaa sio kwa brashi, ile mistari ya mninga ya kahawia na dhahabu inaonekana yote, hakuna hata tone lililoganda. Tofauti pekee nilonayo na fundi ni muda, alichelewa kuliko alivoahidi, lakini kila nilipopita nilimkuta kweli anafanya kazi yangu na sehemu kubwa ilikuwa kusubiri gundi na mbao vikauke, hilo sio la kumlaumu.

Karakana iko Magomeni, Mtwara mjini, jina lake silitaji hapa manake sijamuomba ruhusa, ulizia fundi mzee wa vitanda vya mninga na utaoneshwa. Nenda na michoro yenye vipimo, nenda na spika zenyewe mkononi ili akate tundu kwa kupima sio kwa kukisia, na uende kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, manake pesa ya korosho ikishaingia mtaani kila mtu anaagiza kitanda na mlango mpya na wewe na spika zako mtakaa foleni mpaka mwaka mwingine.